Kuzimwa kwa setilaiti za NOAA na somo la TIROS-1 tulilolisahau

Kati ya Juni na Agosti 2025 Marekani, kupitia NOAA, shirika lake la bahari na hali ya hewa, ilizima setilaiti zake tatu za hali ya hewa zilizokuwa zikiizunguka dunia kwa kupita karibu na ncha zake: NOAA-18 tarehe 6 Juni, NOAA-19 tarehe 13 Agosti na NOAA-15 tarehe 19 Agosti. Habari hiyo ilitufikia ikiwa imechanganyika na nyingine za mwaka huo, za kupunguzwa kwa watumishi na fedha katika taasisi za hali ya hewa za nchi hiyo, na kwa sababu hiyo ikasomwa kwa pupa. Wako waliosema kwamba Marekani imejifumba macho na kwamba Afrika, isiyo na macho yake yenyewe huko juu, imebaki gizani. Wako waliojibu kwamba mitambo mikongwe imestaafishwa na hakuna la kujadili. Wengine wakaona hapo ndipo pa kudai kwamba kila nchi ya Afrika Mashariki irushe setilaiti yake ya hali ya hewa ili isimtegemee mtu.

Nadhani wote wamekosea, na chanzo cha kosa lao ni kuihesabu setilaiti kuwa ndiyo huduma. Ukoo uliofikia mwisho Agosti 2025 ulianza na TIROS-1, setilaiti ya kwanza ya hali ya hewa iliyofanikiwa, iliyorushwa tarehe 1 Aprili 1960, na historia yake inaonyesha jambo ambalo husahauliwa kila mara inaposimuliwa kama hadithi ya ushindi wa wahandisi: kurusha chombo kulikuwa hatua ya kwanza tu. Kilichoubadilisha utabiri wa hali ya hewa duniani ni uamuzi wa kisiasa uliofuata, wa kuzigawa picha bila malipo na kubuni njia nyepesi ya kuzipokea mahali popote. Njia hiyo ndiyo iliyofungwa mwaka 2025. Dunia bado inatazamwa kutoka juu, tena vizuri kuliko zamani. Kilichopungua ni uwezo wa nchi ndogo, chuo au hata mtu mmoja kuichukua picha moja kwa moja kutoka angani bila kupita mlangoni kwa mwingine. Hilo ni tatizo la aina yake, na tiba yake haipo kwenye roketi.

Tuanze na chombo chenyewe, kwa kuwa sifa zake zimekuzwa mno. TIROS-1 ilirushwa kutoka Cape Canaveral, Florida, saa 12:40 asubuhi kwa saa za huko, ikibebwa na roketi ya Thor-Able ambayo hatua yake ya chini ilitokana na kombora la kijeshi la masafa ya kati. Ilikuwa na umbo la ngoma fupi yenye pande 18, kipenyo chake kikizidi mita moja kidogo, uzito wake ukiwa takribani kilo 120, na juu na ubavuni imefunikwa kwa seli za sola zipatazo 9,200. Ndani yake mlikuwa na kamera mbili za televisheni, moja ya kutazama eneo pana na nyingine ya kutazama eneo dogo kwa undani zaidi, na kila moja ilikuwa na kinasa chake cha utepe chenye uwezo wa kuhifadhi picha 32. Ikiwa juu kwa kilomita 700 hivi, ilimaliza mzunguko mmoja kwa takribani dakika 99. Picha zake zilishushwa katika vituo viwili tu, kimoja New Jersey na kingine Hawaii. Za kwanza zilifika siku hiyo hiyo, na siku hiyo hiyo Rais Eisenhower akaonyeshwa.

Mipaka yake ilikuwa mingi. Ili isiyumbe, TIROS-1 ilikuwa ikijizungusha yenyewe wakati wote, na kitu kinachojizungusha hushikilia mhimili wake kuelekea upande mmoja wa anga. Kamera zilifungwa kwenye sakafu ya chombo, zikitazama kwa kuufuata mhimili huo. Kwa hiyo kilipokuwa upande mmoja wa dunia ziliona mawingu, na kilipozunguka hadi upande wa pili ziliona anga tupu. Hata upande ulioielekea dunia ulifaa tu pale palipokuwa na mwanga wa jua, kwani kamera hizo hazikuona usiku. Obiti yake, yaani njia yake ya kuizunguka dunia, iliinama kwa nyuzi 48 kutoka Ikweta, hivyo nchi za mbali kaskazini na kusini hazikufikiwa. Picha iliposhuka ardhini, mtaalamu alilazimika kuketi nayo mezani, atafute ukingo wa pwani au ziwa analolitambua, achore mistari ya latitudo na longitudo kwa mkono, kisha ahamishie mawingu kwenye ramani, na ramani hiyo ndiyo iliyotumwa kwa faksi kwa watabiri. Baada ya miezi miwili na nusu hivi, katikati ya Juni 1960, hitilafu ya umeme ilikatiza kazi yake. Ilikuwa imeshatuma picha 22,952.

Pamoja na udhaifu huo, picha hizo zilifanya jambo ambalo mtandao wa vituo vya nchi kavu usingeweza kulifanya. Tarehe 10 Aprili, siku tisa tu baada ya kurushwa, chombo kilipiga picha ya kimbunga katika Pasifiki, mashariki ya Brisbane, Australia, mahali ambapo hapakuwa na kituo wala mtu wa kukiripoti. Watabiri waliozoea kuyajua mawingu kwa kuyatazama kutoka chini, kila mmoja akiwa na kipande chake cha anga, waliyaona kwa mara ya kwanza yakiwa yamejipanga kwa mizunguko mikubwa ya mamia ya kilomita, mizunguko ambayo nadharia ilikuwa imeibashiri na ramani zilikuwa zikiikisia. Harry Wexler, aliyekuwa akiongoza utafiti katika Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani, alikuwa amewaonyesha wenzake mwaka 1954 mchoro wa namna dunia na mawingu yake ingeonekana kutoka kwenye setilaiti, miaka mitatu kabla ya setilaiti yoyote kurushwa. Picha za TIROS-1 zilikaribiana na mchoro wake kiasi cha kuwashangaza wengi.

Hapa ndipo wasimuliaji wengi hukomea, na hapa ndipo nadhani mambo yanapoanza. Teknolojia ya TIROS-1 haikubuniwa kwa ajili ya mkulima wala baharia. Kampuni ya RCA ilikuwa imependekeza kwa Jeshi la Anga la Marekani setilaiti ya upelelezi yenye kamera za televisheni, ikashindwa kwa wapinzani wake kwa kuwa kamera hizo hazikuona vitu vidogo vya kutosha. Kampuni ikaupeleka mpango huo kwa jeshi la nchi kavu, na baada ya kupita mikono kadhaa mradi ukawa wa kutazama mawingu, kisha mwaka 1959 ukakabidhiwa NASA. Kamera isiyoweza kuhesabu ndege uwanjani ilitosha kabisa kuona kimbunga chenye upana wa nchi nzima. Mwezi mmoja kamili baada ya TIROS-1 kurushwa, tarehe 1 Mei 1960, ndege ya upelelezi ya U-2 iliangushwa juu ya Urusi, na Marekani ikajikuta ikihitaji sana ulimwengu ukubali kwamba chombo kupita juu ya nchi nyingine ni jambo la kawaida. Setilaiti inayopiga picha za mawingu na kumpa kila mtu ilikuwa hoja nzuri kuliko hotuba yoyote.

Kwa hiyo ukarimu uliofuata ulikuwa na hesabu zake. Katika hotuba ile ile ya tarehe 25 Mei 1961 ambamo aliahidi kumfikisha mtu mwezini, Rais Kennedy aliomba pia dola milioni 75, milioni 53 kati ya hizo zikiwa za Idara ya Hali ya Hewa, ili kuharakisha mfumo wa setilaiti wa kuiangalia hali ya hewa ya dunia nzima. Watu wanaikumbuka ahadi ya mwezi. Hii ya pili, ambayo imeokoa watu wengi zaidi, haikumbukwi. Septemba mwaka huo aliupeleka wito huo Umoja wa Mataifa, na Desemba Baraza Kuu likapitisha azimio namba 1721 lililolitaka Shirika la Hali ya Hewa Duniani, WMO, litafute namna ya kuzitumia setilaiti kwa manufaa ya nchi zote. Mwaka 1963 WMO ikaidhinisha mpango wa pamoja wa kuchunguza na kubadilishana taarifa za hali ya hewa, unaofanya kazi mpaka leo. Katibu Mkuu wake wakati huo alikuwa D. A. Davies, ambaye kabla ya kwenda Geneva, yalipo makao ya WMO, mwaka 1955 aliiongoza Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki yenye makao yake Nairobi. Sidhani ni ajabu kwamba mtu aliyewahi kutabiri mvua kwa eneo lenye vituo vichache na bahari kubwa ubavuni aliona haraka thamani ya jicho la angani.

Ukarimu huo ulikuwa pia na faida ya moja kwa moja kwa mtoaji. Utabiri wa Washington wa siku tatu zijazo hauwezi kutengenezwa kwa taarifa za Marekani peke yake, kwa sababu hewa haina mpaka. Unahitaji vipimo vya kanieneo, joto na upepo kutoka kila bara. Marekani ilitoa picha, nchi nyingine zikatoa vipimo vyao vya kila siku. Yalikuwa mabadilishano, na anayeyaita sadaka hawezi kuelewa kwa nini yamedumu zaidi ya miaka 60 wakati misaada mingi imekuja na kutoweka.

Tarehe 21 Desemba 1963 ikarushwa TIROS-8, na ndani yake mlikuwa na kifaa kilichobadilisha kila kitu kwa nchi maskini. Badala ya kuhifadhi picha kwenye utepe na kuzishusha katika vituo vya Marekani pekee, kifaa hicho kiliipiga picha na kuitangaza hapo hapo kwa mawimbi ya redio, polepole, mstari kwa mstari, kwa yeyote aliyekuwa chini yake na antena. Hakukuwa na fumbo, leseni wala ada. Kwa mtaji ambao idara ndogo ya hali ya hewa iliweza kuumudu, mtabiri aliipata picha ya anga la nchi yake dakika ile ile setilaiti ilipopita. Utaratibu huo ulirithiwa na setilaiti zilizofuata, ukaendelea kwenye masafa ya megahezi 137, na NOAA-15, NOAA-18 na NOAA-19, zilizotengenezwa kwa muundo wenye jina la TIROS mpaka mwisho, ndizo zilizokuwa za mwisho kuutumia.

Niliwahi kuushuhudia ukifanya kazi juu ya paa la jengo la ghorofa jijini Dar es Salaam. Kijana mmoja alikuwa na fito mbili za alumini alizozipanga kama herufi V, waya, kipokezi kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta mpakato, na jedwali la muda wa setilaiti kupita. Muda ulipofika kompyuta ilianza kutoa sauti ya mdundo wa haraka, mapigo mawili kwa sekunde, na kila pigo liliongeza mstari mmoja wa picha kwenye kioo. Kwa dakika kama kumi na mbili tuliiona pwani ikijichora kuanzia upande mmoja, Unguja na Pemba zikajitokeza, kisha wingu zito la masika juu ya bahari. Vifaa vyake vyote vilikuwa vya bei ya simu ya mkononi ya kawaida. Hakuandika barua kwa mtu yeyote kuomba ruhusa.

Sasa tuzipime hoja za wanaozungumza. Wanaosema kwamba Afrika imebaki gizani wana hofu halali juu ya msingi mbovu. Idara zetu za hali ya hewa hazikuwa zikizitegemea setilaiti hizo tatu kama jicho lao kuu. Picha za mawingu zinazoonekana kwenye taarifa za jioni hutoka zaidi kwa setilaiti za Meteosat za shirika la Ulaya la EUMETSAT, ambazo hukaa juu ya Ikweta kwa kimo cha takribani kilomita 36,000 na kuonekana kana kwamba zimesimama mahali pamoja, zikipiga picha kila baada ya dakika chache mchana na usiku. Meteosat ya kwanza ilirushwa Novemba 1977, na Afrika iko katikati kabisa ya upeo wake. Setilaiti za kupita nchani zina kazi nyingine kubwa, ya kupima joto na unyevu wa hewa tabaka kwa tabaka na kuzilisha modeli za kompyuta zinazotabiri siku zijazo. Lakini kazi hiyo inaendelea kufanywa na NOAA-20 ya mwaka 2017, NOAA-21 ya mwaka 2022 na setilaiti za Ulaya za Metop. Tarehe ile ile ya 13 Agosti 2025 ambapo NOAA-19 ilizimwa, Ulaya ilirusha Metop ya kizazi kipya kutoka Kourou, saa tisa na dakika 37 za usiku kwa saa zetu.

Wanaosema kwamba ni vyuma vikongwe tu wako karibu zaidi na ukweli. NOAA-15 ilirushwa Mei 1998, NOAA-18 mwaka 2005 na NOAA-19 Februari 2009. Zote zilikuwa zimeupita umri zilizotengenezewa, na mpango wa kuzistaafisha uliandaliwa mapema. NOAA-18 ilizimwa baada ya mtambo wake wa kurushia mawimbi kuharibika, na NOAA-19 baada ya betri yake kuharibika angani siku chache kabla. Kuziacha zikielea bila kuzima mitambo yake kungeongeza hatari ya kulipuka na kutapakaza vipande kwenye obiti inayotumiwa na wengi. Yote hayo ni kweli. Tatizo la hoja hiyo ni kwamba inachukulia mrithi amerithi kila kitu, na sivyo ilivyo. NOAA-20 na NOAA-21 hutangaza data zao wazi pia, ila kwa masafa ya juu zaidi na kwa wingi unaohitaji dishi kubwa lenye mota ya kuifuata setilaiti inavyosogea, pamoja na kompyuta yenye nguvu. Kwa taasisi kubwa hilo ni sawa. Kwa chuo cha ualimu, klabu ya wanafunzi au ofisi ya wilaya, mlango uliokuwa wazi tangu 1963 umefungwa. Urusi bado ina setilaiti za Meteor-M zinazotangaza kwenye masafa hayo ya zamani kwa mfumo wa kidijitali, na wapenzi wa fani hii wamehamia huko. Lakini kuwa na njia moja nyepesi iliyobaki, tena ya taifa moja, si jambo la kujivunia.

Hoja ya tatu, kwamba dawa ni kila nchi kurusha setilaiti yake ya hali ya hewa, ndiyo dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo inayopigiwa makofi. Kenya ilirusha Taifa-1 tarehe 15 Aprili 2023 kwa roketi ya kampuni ya SpaceX kutoka California. Uganda na Rwanda zimepata setilaiti zao ndogo pia. Vijana waliozishughulikia wamejifunza mengi na sina nia ya kuwabeza. Lakini chombo cha ukubwa huo, kinachopita juu ya mahali mara chache kwa siku na kudumu miaka michache, hakiwezi kufuatilia kimbunga kinachobadilika kila saa. Chombo kinachoweza, cha aina ya Meteosat, ni mradi wa muongo na zaidi wenye gharama ambayo hata Ujerumani na Ufaransa hazikutaka kuibeba kila moja peke yake; ndiyo maana ziliungana na wenzao kuunda EUMETSAT mwaka 1986, na leo shirika hilo lina nchi wanachama 30. Mtu anayetaka tumiliki jicho letu la angani aeleze kwanza kwa nini Ulaya yote inamiliki la pamoja.

Tena hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi kwamba kurusha na kunufaika ni vitu viwili. Kuanzia 1967 hadi 1988 Waitaliano walirusha setilaiti kutoka kwenye jukwaa la San Marco lililojengwa baharini Ngomeni, karibu na Malindi. Moja kati ya hizo, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, ilipewa jina la Uhuru, na ilikuwa ya kwanza duniani kutengwa kwa ajili ya uchunguzi wa mionzi ya eksirei kutoka angani. Jina lilikuwa letu, bahari ilikuwa yetu, na Ikweta ilikuwa karibu kiasi cha kuipunguzia roketi kazi. Wavuvi wa Ngomeni waliziona roketi hizo kwa macho yao. Utabiri wao wa upepo haukubadilika hata kidogo kwa sababu hiyo.

Ipo hoja ya nne ambayo haisikiki sana na ambayo naiona kuwa nzito kuliko hizo zote: kwamba kinachotolewa bure kinaweza kunyimwa. Juni 2025 ilitangazwa kwamba data za vihisi vya mikrowevu kutoka setilaiti za kijeshi za Marekani za DMSP, ambazo huwasaidia watabiri kuuona moyo wa kimbunga hata usiku, zingeacha kugawiwa mwishoni mwa mwezi huo huo. Tarehe ikasogezwa hadi mwisho wa Julai, kisha uamuzi ukabadilishwa na data zikaendelea. Nyuma zaidi, mwaka 1983, serikali ya Rais Reagan ilipendekeza kuziuza setilaiti za hali ya hewa kwa kampuni binafsi pamoja na zile za Landsat zinazopiga picha za ardhi. Bunge la nchi hiyo likakataa kuuza za hali ya hewa na, kwa sheria ya mwaka 1984, kuruhusu biashara ya Landsat. Matokeo yake yanajulikana: bei ya picha moja ya Landsat ilipanda hadi zaidi ya dola 4,000, watafiti wengi wa nchi zetu wakaacha kuzitumia, na hali hiyo haikurekebishwa kikamilifu mpaka 2008 zilipofanywa za bure. Setilaiti za hali ya hewa ziliponea chupuchupu. Anayesema kwamba uwazi wa data ni jambo la kudumu kwa asili yake aisome sheria ile ya 1984.

Hoja hiyo nzito, hata hivyo, haielekezi kwenye roketi. Inaelekeza kwenye mikataba, mitambo ya kupokelea na vipimo vya ardhini, mambo matatu ambayo hayana mbwembwe wala sherehe ya uzinduzi. Kuhusu mapokezi, data za Meteosat hutufikia hasa kwa kutangazwa upya kupitia setilaiti ya mawasiliano na kudakwa na vituo vilivyofungwa katika idara zetu tangu miaka ya 2000, kwa sehemu kubwa kwa fedha za Umoja wa Ulaya. Kizazi cha tatu cha Meteosat, ambacho chombo chake cha kwanza kilirushwa Desemba 2022, hutoa data nyingi kiasi kwamba vituo vya zamani haviwezi kuimeza. Vinabadilishwa kwa fedha za mfadhili yule yule, na ni haki kuuliza kwa nini, baada ya miaka 20, bajeti ya kubadilisha dishi na kompyuta bado si ya kwetu, wakati fedha za setilaiti ya heshima zinasemekana kupatikana.

Kuhusu vipimo, WMO imekuwa ikieleza kwa miaka kwamba mtandao wa vituo barani Afrika ni takribani moja ya nane ya kiwango cha chini kinachotakiwa. Setilaiti huona wingu. Haioni milimita ngapi zimeingia kwenye kipimamvua cha Kilwa, wala kanieneo ya Mafia saa tatu usiku. Modeli za Ulaya na Marekani ambazo watabiri wetu huzisoma kila asubuhi hukosea zaidi kwetu kwa sehemu kwa sababu tunazinyima vipimo, na hapo tunavunja upande wetu wa mabadilishano yale ya 1963. Puto moja la kupimia hewa ya juu linalorushwa kila siku bila kukosa lina thamani kwa utabiri wa Tanzania kuliko chombo kidogo cha kupiga picha za ardhi, ingawa hakuna waziri atakayealikwa kulikatia utepe.

Faida ya kuwa na vyote viwili, jicho la juu na vipimo vya chini, tumeshaiona. Kimbunga kilichoipiga Unguja tarehe 15 Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa na kuzamisha meli bandarini bila mtu yeyote kujua kwamba kinakuja; kile kilichoingia Lindi tarehe hiyo hiyo mwaka 1952 nacho kilikuja miaka minane kabla ya TIROS-1. Kimbunga Hidaya kilipoikaribia Mafia mwanzoni mwa Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikuwa imekifuatilia kwa siku kadhaa, tahadhari zimetolewa na boti za kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zimesimamishwa kabla hakijafika tarehe 4. Barabara ya kusini ilikatika na madaraja yakasombwa, lakini abiria hawakuwa baharini. Siku chache kabla, tarehe 29 Aprili, huko Mai Mahiu nchini Kenya, watu zaidi ya 40 walikufa usingizini kwa mafuriko katika msimu ambao mvua kubwa zilikuwa zimetabiriwa. Setilaiti zilikuwa zile zile kwa nchi zote mbili.

Kuhusu mikataba, kuna jambo moja ambalo lingestahili kelele kuliko kuzimwa kwa NOAA-15, na sijalisikia likijadiliwa bungeni Dodoma wala Nairobi. Meteosat iliyoko juu ya longitudo ya nyuzi 0 inatuona vizuri hapa pwani, lakini vimbunga vyetu huzaliwa mbali zaidi mashariki, karibu na ukingo wa upeo wake. Kwa ajili ya Bahari ya Hindi EUMETSAT imeiweka Meteosat-9 kwenye nyuzi 45.5 mashariki, karibu na longitudo ya Mogadishu. Setilaiti hiyo ilirushwa Desemba 2005. Na huduma hiyo ya Bahari ya Hindi shirika huitoa kwa kadiri ya uwezo, kwa kutumia vyombo vilivyomaliza zamu yao kwingine; haimo katika wajibu wake wa msingi, kwa kuwa wenye kulipa michango wako Ulaya. India, China na Urusi zina setilaiti zao juu ya bahari hiyo, na kila moja ina masharti yake ya kugawa data. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, pamoja na Msumbiji, Komoro na Madagaska, zingekuwa na sauti kama zingekwenda pamoja kuomba ahadi ya maandishi juu ya kitakachochukua nafasi ya Meteosat-9, na zingekuwa na kitu cha kutoa mezani kama vituo vyao vya vipimo vingekuwa vinatuma taarifa kila saa. Hadi 1977 Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na idara moja ya hali ya hewa ambayo ingeyaanza mazungumzo ya namna hiyo kwa barua moja. Sasa yatahitaji barua nyingi, na Meteosat-9 imeshamaliza miaka 20 angani.